Moja Katika Kumi

Kashata amelia tangu saa tisa usiku.
Alfajiri namkuta amempanda mama yake mgongoni,
ute unaning'inia, mrefu, mwangavu,
kama uzi wa bamia usiotaka kukatika.
Nampigia Shemdoe: njoo, joto limeshika.
Yuko Kange, anajaza mafuta.
"Akionyesha asubuhi, dada, tunapandisha jioni.
Usimnyime maji. Usimfunge juani."

Madume watatu mfululizo wamezaliwa zizi hili.
Wa kwanza aliishia kwenye karo.
Wa pili nilimuuzia mwenye bucha, hapo Pongwe,
kwa bei ya kuku wanane,
maana dume wa maziwa hula kama tajiri
na hajazi hata kikombe.
Wa tatu sitaki kumsema.

Jioni Shemdoe anafika, mtungi nyuma ya pikipiki.
Anaufungua, moshi wa baridi unamwagika
chini, si juu, kama moshi uliofundwa adabu.
Anachomoa mrija mwembamba kuliko kijiti cha kufumia.
"Huu ndio uliochambuliwa. Bei yake mara tatu,
na kushika kwake si kwa hakika kama ule wa kawaida."
Kuchambuliwa? Mimi huchambua mchele.
Wewe unachambuaje kitu kisichoonekana?

Anauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, jicho kwenye saa,
na huku akisubiri ananieleza:
huko maabara mbegu hutiwa rangi,
hupitishwa moja moja, kwa foleni,
ndani ya mkondo mwembamba kama unywele,
na mwanga mkali huzimulika.
Ya kike hung'aa zaidi, kidogo tu,
kwa kuwa imebeba urithi mwingi zaidi,
kama sehemu nne katika mia.
Basi tone lake hupewa chaji ya umeme
likavutwa kulia; la kiume, kushoto;
na zile ambazo mwanga haukuzielewa
huanguka katikati, zikamwagwa.

Sehemu nne katika mia.
Kumbe tangu huko, kabla ya jina, kabla ya kwato,
sisi ndio tuliobeba mzigo mkubwa.

Nami nimezaa wasichana watatu.
Kila mara Bi Mwanakombo, mama wa mume wangu,
alisimama mlangoni mwa wodi
akauliza neno moja: "Nini?"
Akijibiwa, alijifunga kanga yake upya, akasema, "Haya."
Haya ile imenikaa
kama ncha ya mkonge kwenye kisigino.

"Tisa katika kumi," anasema Shemdoe,
mkono umezama mpaka begani ndani ya glovu,
macho yako darini, anaona kwa vidole.
"Kumi sikukuahidi."

Miezi tisa na siku zake.
Matete, mashudu ya nazi, jiwe la chumvi.
Nikaandaa jina: Halua, binti Kashata.
Nikamwambia hata karani wa ushirika aliandike.

Usiku wa mvua: kwato mbili, ulimi, pua.
Tunavuta kamba mimi na Saumu, mwanangu wa kwanza,
miguu yetu imezama topeni.
Ndama anateleza nje, anapiga chafya.
Saumu anainua mkia, anamulika kwa tochi ya simu.
Anaanza kucheka.
Anacheka mpaka anakaa chini, kwenye mbolea.

Bi Mwanakombo anakuja na mwavuli wake.
"Nini?"
"Dume."
Anajifunga kanga upya. Anamtazama yule mkosefu
anayetafuta chuchu kwenye goti la mama yake.
"Pole, mwanangu," ananiambia. "Pole sana."

Wodini, kwa uchungu wangu wote, sikuipata hata moja.
Miaka kumi na saba nimeidai.
Imekuja zizini, usiku, imekosea mlango.

Nakamua dang'a, nzito, ya manjano
kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.
Wasichana wanagombania nani amshike shingo.
Halua haimfai.
Tumemwita Asilimia.